Kope Zangu Zilishuka Saa Kumi

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali na hujui unaumwa nini, na kila ukiulizwa unaona aibu kwa sababu huna kidonda cha kuonyesha, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, si daktari, na kusema mbele za watu kunanishinda. Kuandika naweza. Mengi nimeyatoa kwenye daftari langu la siri, ambalo sasa si la siri tena, maana baba, mama na daktari wote wamelisoma. Nimeruka kurasa mbili tu ambazo hazimhusu mtu.

Ugonjwa ulianzia mdomoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, tuko bwenini, na Zuhura alikuwa ametoka kwao mjini na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama ngozi. Zuhura ni rafiki yangu, baba yake fundi cherehani, na mdomo wake haujui kupumzika. Kipande cha kwanza nilikitafuna vizuri. Cha pili, taya likachoka. Halikuuma, lilichoka tu, kama mkono uliobeba ndoo kutoka mbali. Nikaanza kulisukuma juu kwa kiganja ili liendelee.

"We Skola, unatafuna au unakamua ng'ombe?" Zuhura akaniuliza.

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikakitema kipande kwenye leso nikajifanya nimeshiba.

Baada ya taya ikaja zamu ya mikono. Siku hizo tulikuwa tunalima shamba la shule kila siku baada ya vipindi, kila mtu na ngwe yake, kwa sababu elimu yetu ni ya kujitegemea na chakula tunachokula tunatakiwa tukitoe ardhini wenyewe. Sikuwa mvivu. Asubuhi nilikuwa nachota maji ndoo mbili na kuwapita wenzangu njiani. Lakini ikifika saa kumi jioni, jembe lilikataa kupanda juu ya bega, na kope ya kushoto ikashuka yenyewe kama pazia lililokatika kamba. Nikaanza kuona vitu viwiliviwili. Siku moja niliona mistari miwili ya mahindi mahali palipokuwa na mmoja, nikaupalilia ule ambao haukuwepo. Ule uliokuwepo nikaufyeka.

Mwalimu wa zamu alikuja akasimama mbele yangu.

"Taifa linajengwa, wewe unasinzia na jembe mkononi?"

"Sisinzii, mwalimu."

"Macho hayo ni ya nini?"

Sauti yangu ilitoka puani, kama mtu mwenye mafua, na wasichana wa nyuma wakadhani namwigiza mwalimu. Tangu siku hiyo wakaniita Kupe. Wewe unayesoma huenda hujui neno hilo lilivyo zito ukiitwa wewe. Redioni na kwenye mikutano, kupe ni mtu anayeishi kwa jasho la wengine. Kuitwa mwizi kungeniuma kidogo. Kuitwa kupe na watu ambao nalala nao chumba kimoja kulinifanya nikose pa kuweka uso.

Niliandika kwenye daftari siku hiyo: *Labda ni kweli. Labda mwili wangu ni mvivu na mimi sijui.*

Likizo ya Krismasi tulikwenda Goweko kwa bibi, mama mzaa baba, anayelima tumbaku. Wakati huo familia nyingi zilikuwa zimehamia kijijini karibu na barabara, na nyumba ya bibi ilikuwa mpya, udongo wa ukutani bado unanuka maji. Tulifika jioni kwa treni, nyumba imejaa wageni. Kwetu msichana hamsalimii mkubwa wake amesimama wima. Nikapiga goti mbele ya bibi, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Inuka nikuone."

Sikuinuka. Niliiambia miguu iinuke, ikabaki pale pale. Bibi akarudia kuniambia niinuke, na mimi nimebaki chini nikitazama vidole vya miguu vya watu. Hatimaye mama akanishika kwapani akaninyanyua kama gunia.

"Msichana mkubwa hivi!" mgeni mmoja akasema, nadhani kwa kunihurumia.

Kesho yake asubuhi nilipiga goti na kuinuka mara tatu nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, peke yangu, bila shida yoyote. Nililia kwa hilo kuliko la jana. Ningekuwa nimepooza kabisa watu wangenielewa.

Bibi alitaka nipelekwe kwa mganga wake mmoja huko Choma. Mama akakataa, baba akakaa kimya, na kimya cha baba kilimuudhi bibi kuliko kukataa kwa mama. Tuliondoka Goweko bibi hajatusindikiza mpaka stesheni.

Shule ilipofunguliwa nilikaa wiki tatu tu. Nikarudishwa nyumbani Ipuli na barua: nilete cheti cha daktari kinachosema naumwa nini, kabla ya kufungua muhula baada ya likizo ya kiangazi. Nisipokuwa nacho, nafasi yangu apewe mwingine. Baba aliisoma akiwa amesimama kwenye takataka za randa. Yeye ni seremala, anafanyia kazi uani kwetu.

"Asubuhi unafua, unapika, unaimba," alisema. "Jioni kikombe cha chai kinakushinda. Ugonjwa gani huu unaosoma saa?"

"Sijui, baba."

"Hujui. Na mimi nitamwambia nini mwalimu? Kwamba hujui?"

Sasa nieleze kosa letu, kwa sababu huenda na nyinyi mnalifanya. Siku ya kwenda hospitali, mama alinitayarisha kama naenda Komunyo ya kwanza. Jana yake yote hakuniruhusu kugusa kazi. Alinisuka, akanilaza mapema, akanipigia pasi gauni la kanisani. Asubuhi baba akanipakia kwenye baiskeli nisitembee. "Hatuendi kwa daktari kama watu wasio na kwao," mama alisema. Tukakaa benchini toka alfajiri, na mimi nimepumzika vizuri kuliko mtu yeyote Tabora nzima. Tulipoitwa, daktari akauliza, "Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri," nikasema, "shikamoo daktari."

"Nzuri sana," mama akaongeza.

Unadhani angeandika nini? Akaniambia niinue mikono, nikainua. Akatazama macho yangu, yako wazi. Tukatoka na vidonge vya kuongeza damu. Tulirudi mwezi uliofuata, tukafanya vilevile, nywele zimesukwa upya. Mara hii nilijitahidi kusema, "Jioni nachoka." Akacheka kwa upole, akasema hata yeye jioni anachoka. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kuna daktari bingwa anayekuja kutoka mbali kuona watu waliokosa majibu, atakuja mvua zikikatika, akaandika jina langu kwenye orodha.

Mvua zilikuwa bado zinamwagika. Nikaanza kusubiri.

Kuhusu kusubiri nataka kusema zaidi, kwa sababu kulinikondesha kuliko ugonjwa wenyewe. Pale benchini nilimsikia mama mmoja akisimulia juu ya ndugu yake aliyeanza na miguu, ikaja mikono, mwisho pumzi. Nilirudi nyumbani na hadithi hiyo kifuani. Kila nikivuta pumzi nilikuwa naipima: hii imetosha? Hii je? Moyo ukienda mbio nilisema haya, ndiyo yenyewe. Nikishika sufuria likaniponyoka, nilisema kesho nitashindwa kushika kijiko. Kuna siku uji ulinitokea puani mbele ya mafundi wawili wa baba, na tangu hapo nikawa nakula jikoni, nimeelekea ukuta.

Zuhura alikuwa anakuja Jumamosi akipata ruhusa, ananisomea notisi zake. Siku moja alinikuta nimebandika kipande cha plasta kutoka kwenye kope mpaka kwenye paji la uso ili jicho lisifunge.

"Ala! Umetundika pazia?"

"Usinicheke."

"Nakucheka. Ukitaka nisikucheke nitalia, chagua." Halafu akasema, bila utani, "Skola, mimi nilikuwa wa kwanza kucheka ile siku ya matobolwa. Walipoanza kukuita vile, nilinyamaza. Nimekuja kukuambia hilo, basi." Akafungua notisi za jiografia.

Yeye ndiye aliyeniambia niache kuandika hofu ovyo ovyo. Alisoma ukurasa mmoja nikiwa nimesinzia, mchokozi yule, akasema, "Hapa umeandika utakufa mara sita. Kuna kitu chochote ulichokiona kwa macho yako?" Nikakasirika. Lakini alipoondoka nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika ninachokiogopa, kulia nilichokiona, na saa nilipokiona. Kushoto: *pumzi itakatika.* Kulia: *leo nimepanda na ndoo toka bombani saa moja asubuhi, sikuhema.* Kushoto: *ninapooza.* Kulia: *kope imeshuka saa kumi kasoro robo. Nimelala nusu saa. Imepanda.* Upande wa kushoto haukuisha, sitadanganya. Ila upande wa kulia ulikuwa unarefuka, na kadiri ulivyorefuka niliona kitu: mwili wangu haukuwa unafanya mambo ovyo. Ulikuwa na utaratibu.

Baba naye alikuwa na utaratibu wake. Alipochoka kubishana nami, aliegemeza ubao mrefu wa mninga ukutani, akatoa penseli sikioni.

"Simama hapa. Inua mkono mpaka mwisho wako."

Akapiga alama ubaoni, pale kidole changu kilipofika. Ilikuwa saa moja asubuhi. Saa kumi akaniita tena, akapiga alama nyingine. Nilijua anachokifanya. Alitaka kunikamata. Mtu anayejifanya hawezi kujifanya kwa kipimo kilekile kila siku, lazima siku moja asahau. Sikusema kitu, nikasimama kwenye ubao kila alipoita, asubuhi na jioni, wiki nzima. Alama za asubuhi zilikaa juu pamoja, za jioni zikakaa chini pamoja, karibu shibiri mbili kati yao. Siku ya saba aliinama akanishika kwapani kwa kiganja chake, akausukuma mkono wangu juu taratibu, mwenyewe, kama anajaribu bawaba. Akauachia. Ukashuka.

Akakaa juu ya meza yake ya kazi.

"Mama Skola," akaita, "njoo uone. Mtoto hajasema uongo."

Mama akajibu kutoka jikoni, "Mimi nilijua, wewe ndiye uliyehitaji ubao."

Mvua zikakatika, majani yakaanza kukauka, na habari ikaja kwamba bingwa yupo, Alhamisi. Ilikuwa imebaki wiki mbili likizo iishe. Mama akaleta kitana na mafuta, akaanza kunisuka. Jumatano akanikataza kazi zote kama kawaida. Nilitaka kumwambia, nikaishia kumshikia kitana. Mimi ndivyo nilivyo. Asubuhi nikapanda baiskeli ya baba na gauni langu lililonyooka.

Benchini tulikuwa watu wengi. Nilikaa nikatazama mikono yangu iliyopumzika, macho yangu yaliyo wazi, na nikaona kila kitu kitakavyokuwa: habari, nzuri, inua mikono, vidonge vya damu. Kisha barua. Kisha msichana mwingine kwenye kitanda changu. Upande wa kulia wa daftari ulikuwa umeniambia tangu zamani ninachotakiwa kufanya. Nikainuka.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Uani."

Nyuma ya hospitali ndipo ndugu za wagonjwa wanapopika, kila mtu na mafiga yake. Mama mmoja mnene alikuwa anatwanga mahindi kwenye kinu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama. Naomba nikusaidie kutwanga."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nataka kuchoka."

Akanitazama toka nywele mpaka viatu. "Mwanangu, watu wanakuja hapa kutafuta nguvu, wewe umekuja kuzimaliza?" Lakini akanipa mchi.

Nilitwanga. Mwanzoni ulipanda mwepesi, nikaogopa kwamba leo ndiyo siku nimepona. Nikazidi kutwanga. Chenga zikaruka gaunini, jasho likafumua nywele za mbele. Mchi ukaanza kuwa mzito, kisha mzito zaidi, na kinu kikawa viwili.

"Skola! Gauni la kanisani! Umepatwa na nini?"

Mama alikuwa amesimama na mkoba wake mkononi. Wanawake wote wakageuka kutazama. Kwa kawaida ningekufa kwa aibu.

"Mama, daktari huwa anaona mtu uliyempumzisha wewe," nikasema. Sauti imeshaanza kutoka puani. "Leo nataka anione mimi."

Nilidhani atanishika mkono anivute. Akaweka mkoba chini, akajifunga khanga kiunoni, akaokota mchi mwingine uliokuwa umelala. "Sogea," akaniambia, na tukatwanga kwa zamu, wangu ukipanda wake unashuka, kama tunavyofanya nyumbani. Alikuwa analia na hakupunguza mwendo. Tulikwenda hivyo mpaka mchi wangu ulipoegemea kinu ukabaki hapo, na kope zote mbili zikateremka.

"Skolastika!" sauti ikaita kutoka mlangoni. "Skolastika yupo?"

Niliingia nimeshikwa upande na mama, upande na baba. Baba alikuwa ameuleta ubao wa mninga, ameubana kwapani ukiwa umefungwa kwenye gunia. Daktari bingwa alikuwa mzee wa umbo dogo mwenye kikombe cha chai mezani.

"Habari za leo?" akauliza.

"Nz..." mama akaanza. Akameza mate. "Mbaya, daktari. Habari mbaya. Mtazame."

Akanitazama. Akaniambia niangalie juu na nisishushe macho, nikashindwa hata kuanza. Baba akafungua gunia. "Hizi za asubuhi, hizi za jioni," akasema, na sauti yake ya kunigombeza ilikuwa imekwisha. Nami nikatoa daftari. Yule mzee alisoma upande wa kulia wote, na najua alisoma na wa kushoto, kwa sababu aliponirudishia aliniwekea mkono begani.

Kisha akanichoma sindano mkononi, akasema tungoje. Tumbo likaanza kunguruma ovyo, mate yakanijaa mdomoni, nikaona aibu kama kawaida yangu. Halafu jicho la kushoto likafunguka. Sikulifungua mimi. Nikaona kikombe cha chai, kimoja, na mvuke ulikuwa bado unatoka. Nikainua mkono bila kuambiwa. Ukapanda, ukapanda. Baba akageukia ukutani.

"Ugonjwa huu upo, na una jina," daktari akasema. "Misuli yako inachoka upesi kuliko ya watu wengine. Hujifanyi." Nilimwomba aliandike jina hilo mwenyewe kwenye daftari, ni refu. Halafu akanigombeza kweli kweli kwa habari ya kinu. Alisema ningeweza kuishiwa pumzi pale pale, kwamba nilitakiwa tu kuja na daftari na kusema. Kwa hiyo wewe usitwange. Andika saa, andika kilichokushinda, na ukiulizwa habari, usijibu nzuri kwa ajili ya adabu. Kama mdomo wako ni kama wangu, mpe karatasi asome.

Walinilaza siku tisa. Nesi mmoja aliniletea kigoda nioge nimekaa, na sijasahau. Nilitoka na vidonge na cheti. Sijapona, wala daktari hakuniahidi kupona. Shuleni sasa nafanya kazi zangu asubuhi kabla ya vipindi: nafagia, nachota maji. Jioni wenzangu wakiwa shambani mimi nalala kwa ruhusa. Wapo wanaoniita Kupe bado. Zuhura huwajibu, na majibu yake siwezi kuyaandika hapa. Kuna siku vidonge haviniwahi na taya linakataa. Nakunywa uji, nangoja.

Kabla ya kurudi shule tulikwenda Goweko, wote watatu, baba amebeba ubao ili mama yake auone. Treni ilichelewa, tukafika jioni. Bibi alikuwa mlangoni na alishasikia habari zangu zote.

"Leo usipige goti, mjukuu wangu," akasema. "Nisalimie hivyo hivyo ulivyosimama."

Nilikuwa nimemeza kidonge kwenye treni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akangoja. Mikono ya mama ilinyooka kuja kwangu, kisha nikaona ameirudisha, ameishika nyuma ya mgongo wake. Niliweka kiganja kimoja chini, nikasukuma ardhi, goti moja, kisha la pili.

Nilipokuwa nimesimama, baba akatazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na robo.